Kliniki imehamia hospitalini, kazi ya usiku imebaki na nani?

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, vituo vingi vilivyokuwa vikiwahudumia wanawake wanaouza ngono nchini Kenya vilifunga milango. Ruhusa ya muda iliyofuata iliacha fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, zigharimie PrEP, dawa anazotumia asiye na VVU ili asiambukizwe, kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Wenye faili katika vituo hivyo walielekezwa hospitali za umma. Waelimishaji rika, yaani wenzao waliofunzwa kuwafuata huko huko wanakofanyia kazi, wengi wao walipoteza posho. Swali linalobishaniwa tangu hapo ni kama vituo vya pembeni virudishwe, au hospitali ibebe kila kitu.

Hoja ya hospitali ni nzito kuliko watetezi wengi wa vituo wanavyotaka kukubali. Kituo kinachotegemea mfadhili mmoja kulipa kodi na mishahara hufa siku mfadhili huyo anapoondoka. Tena mwanamke huyu ana presha, ana mtoto wa kuchanjwa, anahitaji kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Kituo kilimpima VVU na kaswende vizuri, lakini mengi ya hayo mengine kilimwandikia rufaa. Na nyumba inayojulikana mtaa mzima kuwa ni ya makahaba humfichua kila aingiaye, ilhali kwenye foleni ya hospitali ni mgonjwa kama wengine.

Upande wa pili una historia. Kliniki ya Majengo, mtaani Pumwani jijini Nairobi, ilianza 1985 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba, na Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi kwa taaluma, akawafanya wanawake wa Pumwani wenyewe wawe walimu wa wenzao. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo wakati huo. Kilichokuwapo ni kondomu na mtu wa kuaminiwa.

Kazi yenyewe ni ya hesabu. Mwelimishaji rika mmoja hupewa wanawake 60 hivi. Mwenye wateja 3 kwa usiku, siku 5 kwa wiki, anahitaji kondomu 15 kwa wiki, 60 kwa mwezi. Wanawake 60 wa namna hiyo ni kondomu 3,600, sawa na boksi 25 za 144, kabla hujahesabu zinazopasuka na mteja anayetaka kurudia. Lakini hawafanani: mmoja ana wateja 2 kwa wiki, mwingine 30. Ukigawa sawa, wa kwanza anarundika kondomu chini ya kitanda na wa pili ameishiwa Jumatano. Mwelimishaji anayewajua hugawa kwa mahitaji, na hujua nani anapaka mafuta ya kujipaka juu ya mpira (mafuta huulegeza ukapasuka, kilainishi kiwe cha maji) na nani anavaa mbili pamoja akidhani ni salama zaidi. Kwenye daftari lake kuna tarehe ya kila mmoja ya kurudi kliniki, kila miezi 3, kupimwa VVU na magonjwa ya zinaa. Asiyeonekana hutafutwa baa kwa baa, kwa sababu huenda amehama, amekamatwa, au amelazwa.

Basi waelimishaji rika hawana kasoro? Wanazo, na kuzificha kumewadhuru wao wenyewe. Posho ikifungwa kwenye idadi ya watu waliofikiwa, takwimu hupikwa: jina moja huandikwa katika baa mbili, au mtu aliyesalimiwa tu anahesabiwa amehudumiwa. Wako wanaouza kondomu za bure, na wako wanaotoboa siri ya mwenzao wakigombania mteja. Wengi huchaguliwa kwenye baa na mitaa, kwa hiyo anayepata wateja kwa simu hawamjui. Akitokea binti wa chini ya miaka 18, baadhi humwandikisha kama mtu mzima ili lengo litimie, badala ya kumfikisha kwa ofisa wa watoto. Dawa ya haya ni msimamizi anayezunguka nao na kuhakiki daftari kila wiki, na malipo yasiyotegemea vichwa.

Hospitali nayo ina pengo ambalo semina za kuwafunza wauguzi lugha ya heshima hazitaliziba: saa. Kliniki ya ARV, yaani dawa za kufubaza virusi, hufanya kazi mchana, siku za wiki, wakati anayetoka baa saa kumi alfajiri amelala. Akibakwa Ijumaa usiku, dawa za kumkinga na VVU zinapaswa kuanza haraka, zisipite saa 72, kisha azitumie siku 28. Anahitaji mtu wa kumwambia saa hiyo hiyo asioge, nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi, aanze hospitalini kabla ya kuhangaikia fomu ya P3 polisi, ile ambayo daktari huandika majeraha kwa ajili ya kesi. Mtu huyo ni mwenzake mwenye simu iliyo wazi.

Wapo wanaopendekeza kazi hiyo wapewe wahamasishaji wa afya ya jamii, wale takriban 100,000 waliozinduliwa 2023, ambao posho yao ya shilingi 5,000 hugawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na kaunti. Wazo la malipo ni zuri. Mgawo wa kazi ndio haufai, kwa kuwa mhamasishaji hupewa kaya, na nyumbani ndiko mwanamke huyu anakoficha kazi yake. Kinachofaa, kwa maoni yetu, ni kaunti kuwalipa waelimishaji rika kwa utaratibu huo huo lakini wapangiwe baa, lojing'i na barabara, huku matibabu yakibaki hospitalini na muuguzi mmoja akikaa hadi usiku angalau siku moja kwa wiki.

Liko sharti moja la awali. Vifungu vya 153 na 154 vya Kanuni ya Adhabu vinaadhibu kuishi kwa mapato ya ukahaba, na kanjo, askari wa kaunti, bado hukamata wanawake kwa kisingizio cha kuzurura. Daftari la majina kamili kwenye kabati la ofisi ya umma ni orodha ya watu wa kukamatwa. Liandikwe kwa misimbo, na ufunguo wa kuoanisha msimbo na jina ubaki kwa wanawake wenyewe.