Ua wa Kayaba Una Miguu

Mtu wa Nairobi ana vilio vingi. Nauli hupanda mawingu yakijikusanya tu, tokeni za stima huisha mechi ikiwa dakika ya 80, na maji ya mfereji huja saa nane usiku, ukiwa umelala. Yote hayo tumeyazoea. Lakini ukitaka kumwona mwanamume mzima wa Umoja akishuka matatu stegi mbili kabla ya yake ili apate mahali pa kupigia kelele kwenye simu, mwambie kwamba jirani yake wa ushago ameanza kupogoa ua wa mpakani.

Kupogoa tu. Hajang'oa kitu, hajamtukana mtu. Hiyo ndiyo hila yenyewe. Jirani wa mpakani haibi shamba, kwa sababu shamba likiibwa hata chifu ataona. Yeye huchukua kipande kisichotosha kumfanya mtu aombe ruhusa kazini apande gari la Murang'a. Hesabu ya nauli yako anaijua kuliko wewe unayeilipa.

Ua wa kayaba, ule mti wa miiba unaopandwa mpakani, unatembea, na anayeuliza unatembeaje hajawahi kuwa na jirani. Ukiachwa bila kukatwa hunenepa hadi ukapita mita moja na nusu upana, na miiba yake hutoboa ndara bila kuuliza. Jirani hukata upande wake peke yake, kila mvua, wima, karibu kabisa na shina. Upande wako hakuna wa kukata, maana wewe uko Nairobi unasubiri lifti. Matawi yanakimbilia mwanga, yaani shambani kwako. Miaka ikipita, katikati ya majani si tena pale mti ulipopandwa. Ndipo jamaa anatokea na kamba, uso umejaa haki, anasema: "Jirani, mpaka ni katikati ya ua, tupime tu tumalize." Mkipima katikati ya majani, umemalizika wewe.

Usitazame majani. Vaa glavu nzito, shika panga, piga magoti uingie chini ya ua utafute mashina ya zamani. Ni manene, yana magamba, mara nyingi yana kovu la kukatwa, na yakiwa bado yapo utayaona yamejipanga kwenye mstari. Piga vigingi kwenye mstari huo, vuta uzi kutoka kona hadi kona, piga picha huku mtu wa tatu amesimama hapo. Kisha ndipo umsalimie jirani. Ukianza na salamu, atajua umekuja kufanya nini, na kesho yake mashina yatakuwa kuni.

Asiye na ua ana jembe. Kila msimu analima mfereji mmoja zaidi upande wako, upana wa jembe, tuseme sentimita 20. Masika na vuli, hizo ni sentimita 40 kwa mwaka. Miaka 10, mita 4. Ekari moja ya mraba ina upande wa karibu mita 64, kwa hivyo zidisha mwenyewe: mita za mraba 256. Hiyo ni zaidi ya nusu ya ploti ya futi 50 kwa 100, ile ile unayokatwa mshahara kulipia mkopo wake kule Kamulu. Haba na haba hujaza kibaba. Shuleni tulikaririshwa methali hii kana kwamba kibaba ni chetu.

Kuna na yule wa mikaratusi, anayepanda futi moja kutoka mpakani kisha anakuambia ni ya kuzuia upepo. Mti unanenepa pande zote mbili, mahindi yako ya karibu yanabaki na urefu wa mtoto wa nasari, na siku ya kuuza mbao hakuna upepo unaotajwa.

Basi mtu wa Nairobi hukasirika, akatoa hati miliki kwenye bahasha, akaipeperusha mbele ya wazee. Punguza moto. Hati ya shamba la mpaka wa ua inataja ukubwa, tena kwa takriban. Haisemi upande huu una mita ngapi. Mistari iko kwenye mapu, yaani ramani ya mashamba, na mapu inauzwa na idara ya upimaji, ofisi zake ziko Ruaraka kando ya barabara ya Thika. Nunua, lakini usiibusu kwanza. Mapu nyingi za uliokuwa Mkoa wa Kati zilizaliwa miaka ya 1950, wakati wa kuunganisha vipande vya mashamba, kazi iliyoshika kasi baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni. Watu waliambiwa wapande ua mipakani, ua ukakomaa, ndege ikapita juu ikapiga picha, na mistari ikachorwa kutoka kwenye picha. Picha ya ndege hupindapinda milimani. Kwa hiyo ua ulikuja kwanza, mapu ikafuata, na sasa mjukuu anataka mapu iuhukumu ua.

Sheria yenyewe inakubali. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema mapu inaonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale mpaka ulipopimwa na kuthibitishwa rasmi chini ya kifungu cha 19. Chukua rula uone. Mapu ikiwa na kipimo cha 1 kwa 2,500, mstari wenye unene wa nusu milimita ni mita 1.25 shambani. Mnaweza kurushiana maneno kuanzia asubuhi hadi jioni, wewe na jirani, na nyote wawili mko ndani ya wino.

Kupima nako kuna vituko vyake. Kijana wa jirani atakuja na simu, aonyeshe nukta ya buluu, atangaze kwamba setilaiti imesema. Simu ya kawaida, mahali peupe, inakosea mita 3 hadi 5, na chini ya miparachichi inakosea zaidi. Mashine ya sevea (mpima ardhi) inayosimama kwenye miguu mitatu au fimbo ndefu ndiyo inayoshuka hadi sentimita. Halafu kuna mzee wa hatua, ambaye hatua zake hurefuka akipima cha ndugu yake na kufupika akipima chako. Lakini kosa linalouma zaidi ni la futikamba kwenye mteremko. Mapu hupima ardhi kana kwamba imelala sawa. Ukilaza futikamba ya mita 30 kwenye mteremko wa digrii 30, kwenye mapu hiyo ni mita 26. Mtu akipima hivyo kutoka juu ya kilima kushuka mtoni atakuta mita "zimezidi," aseme jirani wa chini ndiye aliyenyang'anywa au aliyenyang'anya, kutegemea nani alinunua chai siku hiyo. Futikamba ishikwe sawasawa na upeo, vipande vifupi vifupi, timazi ikining'inia mwishoni kuonyesha pa kupiga kigingi. Kazi ni ndefu na mgongo utauma, ndiyo maana watu hupenda kulaza.

Mwenye ploti anacheka sasa hivi, eti kwake kuna biikoni. Biikoni ni kipande cha chuma kilichosimikwa ndani ya zege, na kikifukiwa na udongo kinahitaji jembe na subira. Huko Joska na Kitengela biikoni zina maisha yao. Moja iking'olewa, mjenzi hutafuta iliyo karibu, anapima futi 50 kutoka hapo, na kama hiyo ya karibu ilishasogezwa futi 3, safu nzima inasogea naye. Kila mtu anajenga kwa nia njema kabisa. Wa mwisho kwenye kona ndiye anayegundua kwamba sebule yake iko barabarani. Na barabara ya mita 9 iliyochorwa kwenye ramani, ikiliwa pande zote mbili, inabaki njia ya mkokoteni na lawama. (Tena ploti hiyo mnayoiita robo ya nusu ekari ina futi za mraba 5,000, sehemu moja ya nane ya ekari ni 5,445. Kabla jirani hajakuibia, muuzaji alishatangulia.)

Biikoni iliyohamishwa hujitaja yenyewe. Zege ni jeupe wakati zenzake zina kutu na kuvu, udongo pembeni ni laini, na ukipima kutoka biikoni mbili nyingine, vipimo havikutani. Kwa hivyo sevea asianze na biikoni moja. Aanze na tatu au nne zinazokubaliana. Na uliza kama ana leseni. Mtu mwenye kofia ya ujenzi na futikamba ya manjano si sevea, ni mtu mwenye kofia.

Njia ya kufuata ni fupi kuliko watu wanavyoitukana. Fanya upekuzi wa hati, yaani uliza ofisi ya ardhi shamba limeandikwa jina la nani, upate jibu la karibuni, ujue kama anayekuzungusha ndiye mwenye shamba au ni shemeji tu anayelima. Nunua mapu. Ita jirani, wazee wawili watatu waliokuwepo ua ukipandwa, na naibu wa chifu, kabla ya sevea kufika, si baada. Jirani akikuta vigingi tayari, hata vikiwa vimempa zaidi, atakataa. Mkikubaliana, andikeni, chora kimchoro, kila mtu atie sahihi na namba ya kitambulisho, mashahidi pia. Mkikataana, andika ombi kwa msajili wa ardhi wa kule shamba lilikosajiliwa. Shamba la Murang'a ni la Murang'a. Kupanga foleni Ardhi House kule Upper Hill ni kuzoea Nairobi tu. Ambatisha nakala ya hati, upekuzi, mapu na majina ya majirani wote wanaopakana na wewe, siyo yule unayemchukia peke yake. Msajili atatoa notisi kwa wote, aweke siku, aje na sevea wa serikali, asikilize kila upande, na wazee, kisha sevea apime na ripoti iandikwe.

Wengine huruka hatua hiyo wakakimbilia wakili na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 18 kile kile kinasema mahakama haitasikiliza kesi ya mpaka ambao msajili hajauamua. Utarudishwa kwa msajili ukiwa umeshalipa ada ya wakili, na jirani atakupungia mkono kutoka ng'ambo ya ua. Wala usiende usiku na msumeno. Kifungu cha 21 kinamngoja anayeharibu au kuondoa alama ya mpaka: jela hadi miaka 2, au faini hadi shilingi 200,000, au vyote viwili. Ua ukiwa umevamia kwako bado ni alama ya mpaka hadi aseme mwenye kusema.

Kunyamaza nako kuna bei. Sheria ya Ukomo wa Mashauri, sura ya 22, inampa mtu aliyekaa kwenye ardhi yako miaka 12, waziwazi, mfululizo, bila ruhusa yako, nafasi ya kwenda mahakamani kudai iwe yake. Neno ni ruhusa. Ukiona amelima mita mbili za kwako na hutaki vita mwaka huu, mwandikie: "Jirani, nimekuruhusu ulime kipande hiki hadi nitakapokihitaji." Atie sahihi. Aliyeruhusiwa hahesabiwi miaka. Akikataa kutia sahihi, umeshajua alikuwa ameanza kuhesabu.

Siku mpaka umeamuliwa, sasa weka seng'enge, maana kigingi cha mti hakifiki Pasaka. Ploti ya 50 kwa 100 ina mzunguko wa futi 300. Posti moja kila futi 10 ni posti 30, mashimo ya futi 2, posti za kona zitiwe zege na mhimili wa kuegemea, la sivyo waya ukikazwa zinainama zikamtazama jirani. Mistari mitano ya waya ni futi 1,500, karibu mita 460, na ongeza kidogo ya kufungia. Msajili anaweza hata kuagiza kwa maandishi nani atautunza ua wa pamoja.

Lakini mwombe kwanza jirani achangie nusu, kwa heshima, mbele ya wazee walewale. Mtu aliyepigania kila inchi miaka yote hiyo atajikuna kichwa, atatazama ng'ombe wake, aseme hiyo seng'enge ni yako, posti ni zako, na hapo zinaposimama ni kwako kabisa, yeye hana lake.

Mpe kalamu aandike hivyo hivyo.