Tuache kubishana kama elimu ni bora kuliko pesa

Aliyesoma sekondari Tanzania anaikumbuka midahalo ya Ijumaa. Elimu ni bora kuliko pesa. Maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Bweni ni bora kuliko kutwa. Tulikariri hoja, tukazitoa, tukapigiwa makofi. Na kikundi chetu cha mazoezi ya Kiingereza hapa Tanga, chenye watu wazima wenye kazi na familia zao, kilianzia hapo hapo.

Jumamosi moja mada ubaoni ilikuwa faida na hasara za mitandao ya kijamii. Tulikuwa watu 11. Wawili walizungumza, tena kwa sentensi zile zile za kidato cha pili, na kabla ya dakika 20 mada ilikuwa imekufa. Dada mmoja, fundi cherehani, hakufungua kinywa. Tulipotoka nje tu, nikamsikia anabishana na mwenzetu muuguzi kuhusu michango ya harusi: kwa nini ndugu akupangie kiwango, na kwa nini aliyechanga kidogo atazamwe vibaya ukumbini. Alizungumza robo saa nzima, kwa Kiswahili, macho yanamwaka. Mada tuliyokuwa tukiitafuta alikuwa nayo dawatini muda wote.

Wiki iliyofuata tukaiandika ubaoni. Alikwama mara nyingi, lakini hakunyamaza. Alitaka kutueleza kamati, mweka hazina, sare, kicheni pati. Hiyo kicheni pati ndiyo iliyompa kazi, maana maneno yenyewe ni ya Kiingereza, lakini Mwingereza ukimtajia atadhani watu wamekutana jikoni kunywa na kucheza muziki. Ikambidi aeleze kwamba wanawake wanamkalisha bibi harusi mtarajiwa, wanamfunda, wanampa vyombo vya kuanzia nyumba. Dakika saba za Kiingereza kutoka kwa mtu ambaye miezi miwili alikuwa anasema "yes" na "no" tu.

Tangu siku ile nimeacha kuamini orodha za maswali zinazochapishwa kwa ajili ya vikundi kama chetu. Nyingi zimeandikwa kwa kumfikiria mwanafunzi wa Ulaya. Unaulizwa unapenda majira gani ya mwaka, na mtu wa Tanga anajitahidi kusifu majani yanayopukutika, wakati hakuna aliyemuuliza kuhusu pepo za kaskazi na kusi. Mwenzetu mmoja anauza samaki. Muulize kwa nini kusi ikivuma kwa nguvu vyombo vidogo haviendi mbali, na bei inafanyaje siku hizo. Anajua jambo ambalo wengine hatulijui, kwa hiyo tunamsikiliza kwa haja, na yeye anatafuta maneno kwa haja. Kwangu mimi, upya wa mada ndio huo. Habari iliyotokea jana inaweza kuwa imechakaa kama kila mtu ana maoni yale yale juu yake.

Lugha yetu yenyewe ni hazina ya mada. Chukua "pole". Muuguzi alisimulia kwamba daktari mgeni alijikwaa mlangoni, naye kwa wema wake akamwambia "sorry". Daktari akamjibu kwamba si kosa lake. Tulikaa na neno hilo jioni nzima: unampaje pole mtu anayetoka kazini, aliyefiwa, aliyebeba mzigo mzito, kwa lugha isiyo na neno moja la kuwafaa wote? Kisha tukaingia kwa mjomba, baba mdogo na baba mkubwa, ambao Kiingereza kinawaita wote "uncle". Jaribu kueleza kikao cha mahari kwa neno hilo moja.

Kanga ndizo zilizotuweka hadi jua likazama. Kila mtu alileta moja kutoka nyumbani, asome jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na kutueleza kwa Kiingereza. Mmoja alileta "Usisafirie nyota ya mwenzio". Nyota ile ni bahati, au ni ya angani? Na ni onyo la kirafiki au ni vijembe kwa jirani? Watu watatu walitoa tafsiri tatu, wakagombania kila neno. Sijawahi kuona sarufi ikichukuliwa kwa uzito namna ile.

Wapo wanaoniambia kwamba mambo ya nyumbani hayatamsaidia mtu kwenye usaili wa kazi. Siafikiani nao hata kidogo. Swali la kwanza la usaili huwa ni jieleze, na hapo ndipo wengi wanapotapatapa, kwa sababu wamefundishwa kuzungumzia kila kitu isipokuwa maisha yao. Aliyeweza kueleza jinsi kamati inavyotunza pesa za watu 80 ameshazungumzia bajeti, uaminifu na lawama.

Kwa upande wa utaratibu, tunatumia zoezi moja ambalo walimu wa lugha wanalijua kwa jina la 4/3/2: unasimulia jambo lile lile kwa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili, kila mara kwa msikilizaji mpya. Mara ya tatu ulimi unakuwa mwepesi. Na tuna daftari linalokaa mezani, anayesikia ubishi mzuri kwenye daladala au msibani anauandika. Mambo ya dini ya mtu na ugonjwa wake tunayaacha, asipoyaleta mwenyewe.

Jumamosi hii zamu ni ya muuza samaki. Ameomba ubao mzima, achore mwezi na bahari atueleze bamvua, siku ambazo bahari inajaa na kupwa sana, na maji mafu, siku ambazo inajaa na kupwa kidogo. Jana alinipigia simu kuuliza Kiingereza wanaitaje bamvua. Nilimwambia, akanyamaza kidogo, kisha akasema jina hilo halimtoshi, ataanza na letu.