Kiraka cha Mombasa hakishiki Kampala

Sisi watu wa pwani tulioko Kampala tumekuja na desturi zetu, na mojawapo ni hii: bomba likivuja, unakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, unauvuta mpaka ukonde, unauzungushia pale palipotoboka, unapiga fundo, kisha unaendelea na shughuli zako. Nimeishi Kansanga, mtaa wa hapa Kampala, miaka ya kutosha kulisema hili waziwazi. Desturi hiyo tuiache huko huko kwetu. Siidharau hata kidogo. Nimelelewa Mombasa, na najua tyubu imeokoa nyumba ngapi. Ila ile tyubu ilizoea maji ya kwetu, na maji ya huku ni mengine kabisa.

Kisiwani Mombasa maji hutoka mbali. Sehemu yake huja kutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, kwa bomba la kilomita zaidi ya 200 lililojengwa tangu enzi ya mkoloni, na hayajawahi kuwatosha watu. Huja kwa zamu. Ndiyo maana nyumba ina tangi juu ya paa, ikijaaliwa ina na kisima uani, na maji ya kunywa yananunuliwa kwa madumu kutoka kwa mwenye mkokoteni. Yale yanayotiririka jikoni yameshuka tu kutoka kwenye tangi, kimo cha mita 3 au 4. Presha ya maji hupimwa kwa baa, na kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1, kwa hiyo mtu wa Mombasa ameoga maisha yake yote kwa theluthi ya baa. Presha hiyo waweza kuiziba kwa kidole gumba. Tyubu ikifungwa vizuri inakaa mwaka, miwili, mpaka watu wanasahau kwamba pale pana kiraka.

Adui wetu kule ni chumvi. Maji ya kisima yanalila bomba la chuma kwa ndani, na siku linapotoboka, ukuta mzima wa bomba umeshakuwa mwembamba. Fundi wa kwetu mwenye uzoefu hagusi spana kwanza. Anaugonga ugonga urefu wa bomba akisikiliza pazito na papesi, ndipo anaamua akate wapi. Kwenye meno ya kiungio anazungusha katani na kupaka rangi, kama alivyofundishwa na fundi wake. Kazi hiyo naiheshimu mpaka leo.

Sasa njoo Kansanga. Maji yanavutwa Ziwa Victoria pale Ggaba, yanasukumwa kwa pampu mpaka kwenye matangi makubwa ya vilimani. Mlima wa Muyenga unajulikana mji mzima kwa jina la Tank Hill, na sisi tuko chini yake. Tangi likiwa mita 60 juu ya koki yako, hesabu yake ni baa 6, zaidi ya mara 15 ya ile tuliyoizoea nyumbani. Na usiku, watu wakishafunga koki zao na kulala, presha ndani ya mabomba hupanda zaidi. Ndiyo maana huku bomba hupasuka saa nane za usiku, saa ambayo hakuna fundi wala duka.

Jirani yangu ni kijana wa Likoni anayesoma hapa. Bomba la nyuma ya sinki lake lilianza kutoa jasho jioni, naye akafanya kama alivyomwona baba yake akifanya: tyubu, tena safu mbili, fundo zuri kabisa. Mpaka saa nne maji yalikuwa yamekauka. Usiku wa manane mpira ukateleza, na ule ufa uliokuwa mdogo ukafunguka urefu wa kidole. Tunaishi nyumba za mstari mmoja, mizigo kama wanavyoziita Waganda, vyumba sita kwenye bomba moja. Hakuna chumba chenye vali yake. Koki ya kufunga ni moja tu, iko kando ya mita getini, ndani ya kisanduku chenye kufuli, na ufunguo anao keyateka anayelala mtaa mwingine.

Aliyeumia zaidi hakuwa yule kijana. Mama wa chumba cha mwisho hukaanga chapati kwa ajili ya wanafunzi, na unga wake wote ulikuwa sakafuni. Tulimkuta amesimama ndani ya maji akinyanyua magunia ambayo tayari yalikuwa mazito. "Nnyabo, pole," ndiyo maneno niliyoyapata. Alinijibu kwa Kiswahili, "Asante, ssebo. Nisaidie na hili kubwa."

Piga hesabu ya maji peke yake. Ufa unaojaza jerikani ya lita 20 kwa dakika 4 unamwaga lita 300 kwa saa. Kwa saa nane ni lita 2,400, karibu uniti mbili na nusu, kwa sababu uniti moja ni lita 1,000. Kinachomwagika baada ya mita ni cha mteja, na mteja hapa ni sisi tunaogawana bili moja kwa vyumba. Mama yule alipoteza unga, kisha akalipia na maji yaliyouharibu.

Fundi alifika asubuhi, Mganda aliyejifunza Kiswahili kambini kwa askari. Aliutazama mpira ukining'inia, akasema, "Mzee, hii presha ya Muyenga haitaki kamba." Bomba lilikuwa la PPR, lile jeupe linalounganishwa kwa pasi ya umeme ya nyuzi joto 260. Halikubali gundi. Tena halikubali maji: tone moja likishuka wakati wa kuunganisha, plastiki inapoa na kiungo hakishiki. Na matone yalikuwa hayaishi, maana koki ya getini imechoka. Basi akaomba mkate. Akatoa nyama yake nyeupe, akaifinyanga, akaisukuma ndani ya bomba ikayazuia matone kwa muda wa kuchomelea. Baadaye akafungulia, mkate ukalainika na kutoka wenyewe kwenye koki, ambayo alikuwa ameshaivua kichungi ili kisizibe.

Huo nao ni ubunifu, lakini tazama tofauti. Mkate ulimsaidia kufanya kazi kamili, kisha ukaondoka. Tyubu huchukua nafasi ya kazi yenyewe. Na lipo baya kuliko tyubu, nalo nimeliona Mombasa na hapa pia: kupasha bomba la PVC juu ya moto wa karatasi mpaka lilainike, kisha kulisokomeza ndani ya jingine. Ukuta wake unakuwa mwembamba pale pale panapobeba mzigo. Kila bomba zuri limeandikwa ubavuni PN na namba, PN 10 ni baa 10, na ukishalichoma moto namba hiyo haina maana tena. Fundi anayewasha karatasi mwambie asimame, hata kama ni mkubwa wako. Nenda Nabugabo, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Kampala, ununue kiungio.

Nyumbani tunawashinda Waganda jambo moja, nalo ni akiba. Maji yakikatika Kampala siku mbili, mtaa mzima unatoka na jerikani tupu. Mombasa hata maskini ana pipa lililojaa.

Lakini wenye nyumba wa pande zote mbili nawadai kitu kimoja: vali kwa kila chumba. Vali ya nusu inchi ni kitu kidogo cha shaba, inafungwa kwa muda mfupi wakati wa ujenzi, nao wanairuka kwa sababu haionekani na mpangaji anayekuja kukagua. Kwa hiyo wewe unayekuja kukagua, uliza iko wapi, uizungushe kwa mkono wako uone kama inafunga.

Sisi tumemwandikia mwenye nyumba barua ya pamoja, vyumba vyote sita tumetia sahihi, mama wa chapati wa kwanza. Amekubali kununua vali kama sisi tutalipa fundi. Tunachanga wiki hii, na ufunguo wa kisanduku cha getini tumeomba nakala ikae kwa yule mama, kwa kuwa yeye ndiye huamka kabla ya wote.