Zimamoto Wamekuja Bila Maji!

Moto ukiwaka mtaani, wimbo ni ule ule: "Zimamoto wamekuja bila maji!" Haya, tupige hesabu. Gari likija na lita 5,000, na mipira ikitema lita 1,000 kwa dakika, hayo maji ni ya dakika 5. Yakiisha, dereva anatafuta kisima cha zimamoto, yaani bomba la mtaani la kujazia gari maji. Kiko wapi? Chini ya banda la chipsi! Mtu kaona kifuniko cha chuma, kasema hii sakafu ya bure, katandika jiko juu yake. Na kamati ya mtaa inakula chipsi hapo hapo, mayai mawili, kachumbari nyingi.

Na hapo ni kama gari limeweza kufika. Lina upana wa kama mita 2.5, na waliomo wanahitaji nafasi ya kufungua milango na kushusha ngazi. Sisi tumewabakizia uchochoro wa bodaboda moja na mbuzi, tena wapishane kwa adabu. Mwenye ukuta kasogea hatua mbili, mwenye genge moja, na yule wa mchanga "nautoa kesho" kaumwaga tangu uchaguzi uliopita.

Simu nayo! Namba ya zimamoto hapa Tanzania ni 114. Watu wote wanarekodi video, hakuna anayepiga. Akitokea mmoja: "Njooni haraka, hapa kwa Mama Zai!" Kakata. Mama Zai yupi, jamani? Taja mtaa, taja msikiti au shule iliyo jirani, sema kinachoungua na kama kuna mtu ndani, na usikate mpaka wakate wao. Kisha kijana mmoja akasimame barabara kubwa awaongoze.

Jikoni ndiko kuna mashujaa. Mafuta yameshika moto kwenye sufuria, shujaa anamwaga maji. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke papo hapo, yanarusha moto mpaka darini. Zima jiko, funika, ondoka. Usichungulie! Ukifunua kabla hayajapoa, hewa inaingia na moto unarudi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni. Ukisikia harufu, usiwashe taa ili "uone inapotokea". Funga valvu, fungua milango, toka nje.

Ukiweza kutoka, maana dirishani nondo, mlangoni kufuli tatu, funguo anazo baba, na baba yuko kwenye bao.

Lakini mtaa una mtungi wa kuzimia moto, bwana! Wa unga, kilo 6. Unavuta pini, unalenga kwenye shina la moto, siyo kwenye ndimi, na haraka, kwa sababu ukibonyeza mfululizo haufiki nusu dakika. Kwanza tazama mshale wa presha uwe kwenye kijani. Huu wetu uko kwenye nyekundu, juu ya kabati la ofisi ya mtaa, unapatikana siku za kazi hadi saa tisa na nusu.