Maji ya bondeni yapimwe mdomoni mwa mtaro, si kwenye ploti ya mkulima

Kilimo cha umwagiliaji kinapozungumzwa hapa Zanzibar, hesabu inayofanywa ni ya maji yanayoingia: visima vingapi vimechimbwa, pampu zinatoa kiasi gani, mfereji umesakafiwa mpaka wapi. Maji yanayotoka hayana mtu wa kuyasemea. Yanashuka kwenye mtaro wa mwisho wa bonde, yanapita nyuma ya mashamba, na tokea hapo yanakuwa si mali ya mkulima wala si shughuli ya mhandisi, mpaka yafike kwenye kisima cha mtu au kwenye mikoko.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kwa sababu umwagiliaji wetu umekua. Mradi uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya Korea Kusini umeweka miundombinu katika mabonde ya Cheju, Kibokwa, Kilombero, Chaani na Kinyasini kwa upande wa Unguja, na Mlemele na Makwararani kwa upande wa Pemba, na shabaha yake ni kwamba mkulima aliyezoea kungojea mvua aweze kuvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka. Hilo ni la kheri, kwani wali ndio chakula chetu na mchele mwingi tunaoupika unaletwa na meli. Lakini kuvuna mara mbili ni kuburuga mara mbili, kutia mbolea mara mbili na kupiga dawa ya magugu mara mbili, katika ardhi ileile na kwa mtaro uleule. Masharti ya ubora wa maji yanayotoka mashambani yatakuja, na yana haki ya kuja. Ninachokitetea ni namna ya kuyaweka: sharti liwe juu ya bonde zima, lipimwe pale mtaro wa kutolea maji unapoiacha skimu, na lisimamiwe na jumuiya ya wakulima wenyewe. Kumuandama mkulima mmoja mmoja kwenye nusu ekari yake ni kupoteza wakati, na zaidi ya hapo ni kumuonea.

Kwanza tuseme ndani ya maji hayo mna nini. Trekta inapoburuga jaruba lililojaa maji, ule udongo laini wa juu, ambao ndio wenye rutuba, huinuka na kuelea, na maji yakifunguliwa siku ileile hutoka na rangi ya chai ya maziwa. Fosfeti ya mbolea ya kupandia hushikamana na chembe za udongo, kwa hiyo mkulima anayetoa tope anatoa na mbolea aliyoinunua. Likifika pwani, tope hilo linaziba mwanga, na majani ya bahari pamoja na matumbawe hayaishi bila ya mwanga. Dawa za magugu nazo zina masharti yaliyoandikwa kwenye chupa, mara nyingi kwa herufi ndogo na kwa lugha ambayo mnunuzi haisomi, na mengi ya masharti hayo yanahusu maji: usipige karibu na mto, usioshee bomba mferejini, usifungulie maji mapema.

Mbolea ya kukuzia ndiyo inayotaka maelezo marefu, maana hapo ndipo panapopotea fedha na maji yakaharibika kwa pamoja. Urea ina naitrojeni kwa asilimia 46, yaani mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Katika mpunga wa maji, mara nyingi mmea hauchukui hata nusu ya hiyo. Nyengine hupanda hewani kama amonia, nyengine huliwa na bakteria wa topeni na kurudi hewani, na nyengine huondoka na maji. Urea huyeyuka upesi sana, na katika siku chache za mwanzo baada ya kumwagwa ndipo maji ya jaruba yanapokuwa mazito kwa mbolea kuliko wakati wowote wa msimu. Mtu akifungulia maji kesho yake, ama kwa sababu anataka kupalilia, ama kwa sababu jirani wa juu amemjazia, amemwaga mfuko wake mtaroni. Mbolea ikitiwa maji yakiwa ya kina kifupi, au ikaingizwa udongoni kabla ya kuingiza maji, kisha jaruba likazibwa siku kadhaa, hasara hupungua kwa wote wawili, mwenye shamba na mwenye kisima. Kuna na jengine lisilosemwa sana: udongo uliojaa maji huishikilia naitrojeni katika sura ya amoniamu, ambayo hung'ang'ania udongo, lakini jaruba likikaushwa bakteria huigeuza kuwa naitreti, isiyoshikwa na kitu, na maji yakirudi naitreti hiyo huzama au huondoka. Ratiba ya kufungulia na kufunga maji, kwa hiyo, ndiyo sharti lenyewe la ubora wa maji kwa sehemu kubwa, na ratiba hiyo mkulima mmoja haimiliki.

Nilipata kulizungumza suala hili na bi mkubwa mmoja aliyekuwa akiziba tundu la kutolea maji la jaruba lake kwa kipande cha mgomba na udongo alioukanda kwa kisigino. Nilimuamkia, nikamuuliza maji atayazuia mpaka lini. Akanijibu bila ya kuinua kichwa: “Mwanangu, mimi kuziba naziba, lakini wa juu akifungulia usiku, maji hupanda tuta yakatoka yenyewe. Sasa huyo bwana shamba akija kupima ataniandika mimi au atamuandika nani?” Sikuwa na la kumjibu, na sidhani kama mwenye kuandika kanuni angekuwa nalo. Jaruba lake linapokea maji ya watu waliomtangulia na kuyapeleka kwa walio chini yake. Sampuli ikichukuliwa kwenye tuta lake itakuwa na mbolea ya watu wengi, na jina litakaloandikwa ni lake.

Sheria tunazo, wala sioni haja ya kuandika nyengine mpya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 ndiyo iliyoianzisha ZEMA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, Sheria ya Maji ya mwaka 2006 iliwapa ZAWA, yaani Mamlaka ya Maji Zanzibar, dhamana ya maji, na umwagiliaji uko chini ya wizara yenye dhamana ya kilimo. Kila mmoja ana kipande chake cha maji, na mtaro wa kutolea maji ya bondeni umeangukia katikati yao.

Wenye uzoefu wa miaka mingi katika hili ni Wamarekani, na njia waliyopita inafaa kutazamwa. Sheria yao ya maji safi ya mwaka 1972 ililazimisha viwanda na mitambo ya maji machafu kuwa na vibali, lakini mwaka 1977 Bunge lao likayatoa maji yanayorudi kutoka mashamba ya umwagiliaji katika ulazima huo. Jimbo la California halikuliachia hapo. Tangu mwaka 2003, katika Bonde la Kati la jimbo hilo, wakulima wameruhusiwa kujiunga katika vikundi vya eneo, na kikundi ndicho kinachochukua sampuli za maji kwenye mito na mitaro, kutoa ripoti, na kuandika mpango wa kurekebisha pale kipimo kinapovuka kiwango. Watetezi wa mazingira wa huko wanalalamika kwamba kupima mbali na shamba kunamficha mkosaji. Malalamiko hayo yana nguvu pale ambapo shamba moja ni mamia ya hekta na majirani hawaonani. Katika bonde letu, aliyefungulia maji usiku anajulikana kabla ya jua kuchomoza, na atatajwa kwa jina kwenye kikao cha jumuiya bila ya kuhitajika maabara.

Hata hivyo, mdomo wa mtaro hautoshi kila mahali, na hapa rai yangu inahitaji nyongeza. Pemba ina vilima na mabonde, na maji yake mengi hukimbia juu ya ardhi mpaka kwenye mikoko, kwa hiyo ukisimama mtaroni unayaona. Unguja ni nyengine. Sehemu kubwa ya mashariki yake ni uwanda wa mawe ya matumbawe, udongo ni haba, na maji huzama badala ya kukimbia. Hata baadhi ya mito yetu huingia ardhini kabla ya kuiona bahari. Cheju yenyewe haiko mbali na msitu wa Jozani na Ghuba ya Chwaka, ambako watu wanaishi kwa madema, kwa mwani na kwa kuchokoa pweza. Na wakulima wa tungule na mchicha wanaomwagilia kwa pampu kwenye udongo mwepesi hawana mtaro wowote wa kupimwa, kwa sababu mbolea yao inateremka moja kwa moja kwenda kwenye maji ya visima. Huko kipimo kiwe ni cha kisima kilicho chini ya mashamba, na kiangaliwe naitreti kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa. Kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo, kwani naitreti ikizidi damu yao hushindwa kubeba oksijeni.

Gharama ya upimaji isitwishwe mkulima. Serikali kwa miaka mingi imetoa ruzuku ya mbolea, mbegu, dawa na huduma za matrekta, na sioni vipi fungu linalonunua urea lishindwe kulipia chupa chache za sampuli ili ijulikane urea hiyo imekwenda wapi. Faini nazo nisingezianza nazo. Jumuiya iliyokutwa na maji mabaya ipewe kwanza msimu mmoja wa kurekebisha ratiba yake ya milango ya maji, ikiwa na bwana shamba pembeni, na iachiwe ardhi ya kutosha mwishoni mwa bonde kwa ajili ya kidimbwi cha kutulizia tope na ukanda wa majani ambao haulimwi. Hilo la ardhi litakuwa gumu kuliko la fedha, maana hakuna anayependa kuona kipande cha bonde kikiachwa na matete huku jamaa zake hawana ploti.

Najua wakulima watauliza kwa nini waanzwe wao, ilhali maji machafu ya mji na ya mahoteli yanajulikana yanakoishia. Swali ni la haki, lakini jawabu yake ndiyo inayonifanya nisisitize vipimo. Leo mwani ukioza au samaki wakipungua, mwenye hoteli humtaja mkulima, mkulima humtaja mwenye hoteli, na hakuna mwenye karatasi mkononi. Bonde lenye daftari la vipimo vya misimu minne litakuwa na cha kusema mbele ya ZEMA. Sampuli hizo tu zisichukuliwe siku ambayo mgeni rasmi anatembelea skimu. Zichukuliwe siku ya kuburuga, zichukuliwe tena ndani ya siku tatu baada ya kutia mbolea ya kukuzia, na mara moja baada ya mvua ya kwanza kubwa ya masika, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa sheha, ambako mwenye jaruba, mvuvi na mwenye kisima wote hupita.