Ndani ya Mirihi: mwangwi ule ulitoka kwenye chuma au kwenye mwamba?

Hakuna aliyewahi kuona kiini cha sayari yoyote. Hata hapa duniani, shimo walilochimba Wasovieti huko Kola liliishia kilomita 12 na ushei, na kutoka hapo hadi katikati ya dunia zinabaki zaidi ya kilomita 6,300. Yaliyomo chini tunayajua kwa kusikiliza mitetemo inavyopita. Ndiyo maana ubishi juu ya kiini cha Mirihi umenishika: kule, sikio lilikuwa moja tu kwa sayari nzima.

Sikio hilo ni kipimatetemeko kilichobebwa na InSight, chombo cha NASA kilichotua Novemba 2018. Mkono wa mashine ulikishusha mchangani taratibu, kisha ukakifunika kwa kifuniko mfano wa kawa ili upepo usikisumbue. Upepo ulisumbua hata hivyo. Matetemeko hafifu yalisikika vizuri zaidi jioni, hewa ikitulia.

Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba kiini ni cha kimiminika, na kutoka katikati hadi ukingoni kina kilomita 1,830 hivi. Walitumia mawimbi ya S, aina ya mitetemo ya tetemeko ambayo haipiti kwenye kimiminika; yakikifikia, hurudi kama mwangwi. Hesabu ilikuwa safi, ila ilizaa swali zito. Uzito wa Mirihi unajulikana, kwa hiyo kiini kikiwa kikubwa hivyo lazima kiwe chepesi, yaani chuma kiwe kimechanganyika na salfa, kaboni, oksijeni na haidrojeni kwa wingi mno. Vitu vyote hivyo vilitoka wapi?

Mwaka 2023 timu mbili zilijibu kwamba mwangwi ule haukutoka kwenye chuma. Kwa maoni yao, juu ya kiini kuna tabaka la mwamba ulioyeyuka, lenye unene wa kilomita 150 hivi, na chuma chenyewe kinaanzia chini yake, kwenye kilomita 1,650 hadi 1,675 kutoka katikati. Wimbi la S halibagui mwamba ulioyeyuka na chuma kilichoyeyuka. Vyote viwili huligeuza. Ushahidi uliwajia Septemba 18, 2021, kimondo kilipogonga upande wa mbali wa sayari. Mawimbi ya P, aina nyingine ya mitetemo inayopita hata kwenye kimiminika, yalizunguka kando ya kiini na kufika yamechelewa, kama yangefanya yakipita kwenye mwamba ulioyeyuka.

Mimi naegemea upande huu wa pili. Unatumia mwangwi uleule bila kuukana, na unafanya kiini kiwe kizito zaidi, kisichohitaji salfa na wenzake kwa wingi ule. Lakini una gharama, na wanaoupinga wana haki ya kuidai. Tabaka la moto likikifunika kiini kama blanketi, joto la chuma halitoki, na chuma kisichopoa hakizunguki ndani kwa ndani hata kizae usumaku. Sasa miamba ya kale ya nyanda za juu za kusini mwa Mirihi mbona imehifadhi usumaku wenye nguvu? Majibu yaliyotolewa, kama vile kwamba migongano mikubwa ya zamani ilikikoroga kiini, kwangu bado ni mepesi.

Kisha 2025 watafiti wa China wakaongeza jipya: katikati ya kimiminika kuna kiini kigumu, chenye kilomita 600 hivi kutoka katikati hadi ukingoni. Kwa uwiano na ukubwa wa sayari, hicho kinakaribia kile cha dunia. Hapa nasita. Dalili zenyewe ni mitetemo midogo sana iliyochujwa kutoka kwenye kelele, kwa kifaa kimoja, na chuma chenye vitu vyepesi vingi hakigandi kirahisi.

Kipimatetemeko cha pili, upande mwingine wa sayari, kingeweza kuamua mambo mengi. Hakipo. Vumbi lilijaa kwenye paneli za jua za InSight. Mwaka 2021 wahandisi waliuagiza mkono wake umwage mchanga karibu na paneli, ili chembe zikipeperushwa ziondoke na vumbi, na umeme ukaongezeka kidogo. Desemba 2022 chombo kilinyamaza, na matetemeko ya Mirihi yanaendelea bila msikilizaji.