Abiria ni Sultani, Mimi ni Mzigo

Ukisikia mtu anajisifu kwamba anasafiri na farasi kwenda mashindano, usimwonee wivu hata kidogo. Muulize tu: kati yenu wawili, abiria ni nani na mzigo ni nani? Mimi ni saisi, mtunza farasi, hapa Nakuru. Kila Julai ikifika na zile habari za kupeleka farasi Nairobi kuruka viunzi, jibu ninalo tayari. Abiria ni Sultani, farasi wetu.

Kabla hatujaondoka, fundi wa kwato anaitwa. Anakuja na gari lake, anamwinua mguu mmoja mmoja, anamvua viatu vya zamani na kumpigilia vipya kwa kipimo chake mwenyewe. Hayo ni kila baada ya wiki sita hivi, awe na safari au asiwe nayo. Mimi viatu vyangu ni vya mitumba, vilishatembea miguuni mwa watu nisiowajua, na cha kushoto kimeanza kucheka kwa mbele. Lakini huo ni mguu. Ngojeni niwaambie kuhusu meno.

Farasi ana daktari wa meno. Meno yake huzidi kusukumwa nje ya ufizi miaka nenda miaka rudi, na akitafuna yanabaki na kingo kali zinazomkata mashavu, kwa hiyo angalau mara moja kwa mwaka lazima yapigwe tupa. Basi anashikwa kichwa, anapapaswa shingo, anabembelezwa: "Taratibu, mzee wangu, taratibu, tunamaliza." Mimi nimesimama hapohapo nimeshika kamba, meno yangu yana rangi ya strungi kwa sababu ya floridi iliyo kwenye maji ya huku kwetu. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunijia na tupa, wala na hayo maneno matamu.

Sasa maji hayohayo ndiyo Sultani anayoyataka. Farasi akipelekwa ugenini ananusa ndoo, anaona harufu si ya kwao, anageuza kichwa. Na mwili wa kilo 500 unataka lita 30 au hata 40 kwa siku. Asipokunywa, chakula kinakauka tumboni, na tumbo la farasi ni tumbo la ajabu kwa sababu Mungu hakumpa uwezo wa kutapika. Kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea, na njia hiyo ikiziba unaita daktari huku unaomba. Kwa hiyo tunabeba maji. Mitungi ya lita ishirini ishirini, imejazwa Nakuru, inapelekwa Nairobi.

Mke wangu alikuja kunisaidia kupakia mizigo, akaiona ile mitungi imejipanga.

"Baba watoto, huku mtaani mfereji umekauka tangu Jumatatu, na wewe unampelekea farasi maji Nairobi?"

"Ni ya kazi, mama."

"Kwani Nairobi hawana maji?"

"Wanayo. Ni Sultani tu hajayazoea."

Alinitazama kwa muda mrefu. Akachukua mtungi mmoja, akajitwika kichwani, akaenda zake. Sikumzuia.

Siku ya safari, Sultani anavalishwa. Miguu yote minne inafungwa vitambaa vinene asijigonge, mkia unapigwa bandeji usichubuke, juu analazwa blanketi. Ndani ya lori ana chumba chake, ana dirisha, ana wavu wa nyasi kavu unaoning'inia mbele ya mdomo kama yuko hotelini. Kamba yake haifungwi fupi, maana farasi akizuiwa kuinamisha kichwa kwa saa nyingi, uchafu unabaki kwenye njia ya pumzi na anaweza kupata homa ya mapafu. Mimi nimebanwa kule mbele kati ya dereva na turnboi, gia iko katikati ya magoti yangu, tandiko nimelipakata kama mtoto mchanga. Nimekatazwa kuliweka chini. Kichwa changu nacho kilikuwa kimeinama njia nzima, lakini mimi sikuinamishwa na daktari, niliinamishwa na paa.

Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi. Matatu inazila upesi, abiria wamesongamana, dereva anapinda kona kwa mkono mmoja na mwingine uko kwenye simu. Sisi tulikuwa tunatambaa. Farasi anasafiri wima na kujizuia kwa miguu yake, kwa hiyo ukikanyaga breki ghafla unamchosha misuli kabla hajaruka hata kiunzi kimoja. Kila tuta dereva analipanda kama anaomba radhi. Miaka yote nimepanda matatu na sijawahi kusikia kondakta akiuliza hali ya misuli yangu.

Tulipopita Gilgil kuelekea Naivasha, wale punda milia walikuwa wanakula nyasi kando ya barabara. Sultani akapiga mlio mkubwa mpaka lori likatikisika. Ni ndugu zake kabisa. Wanene, hawana soksi, hawana daktari wa meno, na hakuna anayewapelekea maji. Tena kuna ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, vile vidudu vidogo vya jioni. Punda milia anautembeza damuni bila hata kukohoa, Sultani ukimpata unaweza kumlaza kaburini. Ndiyo maana ana chanjo, na ndiyo maana jua likitaka kuzama lazima awe amefungiwa ndani na kupakwa dawa ya kufukuza wadudu. Mimi nalala nje ya mlango wake. Mbu wa Nairobi wananijua kwa jina.

Kuna mahali tulisimamishwa. Afande akachungulia nyuma, akarudi.

"Mnyama ana kibali cha kusafirishwa?"

Nikamtolea kibali. Akataka chanjo, nikatoa karatasi za chanjo, za mwaka huu na za mwaka jana, zote zina mihuri.

"Na wewe mzee, umechanjwa nini?"

Nikafikiria, nikakumbuka ile ya shuleni, ya bega. Afande akacheka mpaka akatupungia mkono tupite.

Soko Mjinga tulisimama ili Sultani apumzike. Watu wakajaa, simu juu, kila mtu anataka picha. Mama mmoja wa viazi akachagua karoti nzuri, akaifuta kwa leso yake, akamlisha mwenyewe kiganjani.

"Na mimi je, mama?"

"Wewe fungu ni shilingi hamsini."

Na baridi ile! Huko Ulaya mashindano haya ni ya kiangazi chao. Binti wa bosi, anayesoma Uingereza na ndiye mpanda farasi wetu, anasema watu wanakaa juani wamevaa kofia, wanakula aiskrimu, wanatazama farasi wakiruka pale Aachen, Ujerumani. Sisi Julai ni ya ukungu na manyunyu, hasa ukishapanda Kimende na Limuru. Sultani yuko chini ya blanketi. Mimi nililiangalia lile blanketi kwa jicho ambalo mke wangu asingelipenda.

Binti huyo huyo ndiye aliyenipa habari iliyonimaliza kabisa. Mwaka 1956 Olimpiki ilikuwa Melbourne, Australia, lakini sheria za karantini za huko hazikuruhusu farasi wa kigeni waingie. Wakubwa wakakaa, wakaamua farasi washindane Stockholm, Sweden, mwezi Juni, na wanadamu wakakimbie Melbourne mwishoni mwa mwaka. Mwaka 2008 tena, michezo iko Beijing, farasi wako Hong Kong. Dunia nzima inahamishwa kwa ajili yao! Mimi mvua ikinichelewesha nusu saa, nakatwa mshahara.

Tulifika. Nikateremsha mitungi, nikammiminia Sultani maji ya kwao. Akanusa. Akageuka, akanyoosha shingo juu ya ukuta wa zizi, akazamisha pua kwenye ndoo ya farasi jirani, akanywa maji ya Nairobi mpaka yakaisha. Ya Nakuru nilifulia soksi zake.

Usiku yeye alifunga magoti akasinzia akiwa wima, ndivyo walivyoumbwa. Mimi sikuumbwa hivyo.

Mashindano yenyewe hayana maneno mengi. Asubuhi wapanda farasi wanaukagua uwanja kwa miguu, wanahesabu hatua kati ya kiunzi na kiunzi: hatua nne ndefu za mtu ni kama moja ya farasi. Farasi mwenyewe haonyeshwi kitu, atayaona hukohuko. Ukiangusha mti wa kiunzi unahesabiwa makosa manne, na miti yenyewe imelazwa juu juu tu, ukiigusa inabiringika. Kukataa kuruka nako ni makosa manne, na ukikataa tena, kwa sheria za kimataifa, unatoka. Kuna farasi wa Chile, Huaso, aliyeruka mita 2.47 mwaka 1949, na mpaka leo hakuna aliyempita. Sultani alifika kwenye kiunzi cha tatu, kijiukuta cha mbao kimepakwa rangi ya matofali, kimo cha meza ya kulia chakula, akasimama. Binti akamzungusha, akamrudisha. Akasimama tena. Kengele ikalia.

Yote hayo, kuanzia tupa ya meno hadi kengele, na uwanjani hakumaliza hata dakika moja.

Bosi akaja mbio. Nikajua leo ni leo. Akampita binti, akanipita mimi, akamkumbatia Sultani shingoni.

"Maskini, amechoka na safari. Tukirudi apewe wiki nzima ya kupumzika."

Nikaona mlango umefunguka, nikasogea. "Kweli kabisa, bosi, safari imechosha sana. Hata mimi nilikuwa nafikiria..."

"Ndiyo, ndiyo, nilishakufikiria," akasema. "Wiki hiyo yote utalala naye."